Siku Hafsa alipopewa jina

Wifi yangu wa Muscat kaniletea ujumbe wa sauti. Kajaaliwa mtoto wa kike, anataka jina lenye simba ndani yake. "Ya wanaume yamejaa," anasema, "Asad, Usama, Laith, Abbas. Huyu wangu ataitwaje?" Kamusi imempa labua, ndiye simba jike hasa, lakini hajapata kumsikia binti wa mtu akiitwa hivyo. Na mimi sijapata. Nilipomaliza kumsikiliza nilimkumbuka marehemu baba na akika ya binti yangu Hafsa.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuchagua Haidar tangu mimba ikiwa changa. Kanzu ndogo ilikwisha kushonwa, na kofia ya viua ikawekwa tayari. Alipozaliwa msichana wote walisema alhamdulillahi, na naamini walimaanisha, ila ile kofia ilirudishwa sandukuni mbele ya macho yangu, na mimi mzazi mchanga nililia sana usiku ule.

Siku ya saba ikafika. Mtoto akanyolewa, nywele zikapimwa ili fedha ya uzito wake itolewe sadaka, akachinjwa mbuzi mmoja kama ilivyo kwa mtoto wa kike. Baba ndiyo kwanza alikuwa ameshuka boti ya Pemba. Akaomba tende kabla hata ya maji.

Alikaa mkekani, akampakata mjukuu wake, akaitafuna ile tende taratibu mpaka ikalainika. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akampaka kaakaani. Mtoto alikunja uso, kisha akakikamata kidole cha babu yake kwa ufizi akakinyonya kwa nguvu, asitake kukiachia. Chumba kizima kilikuwa kikinukia udi.

Mama mkwe akasema, "Haya Maalim, tupe jina. La kwangu limeshanipotea."

"Halijapotea. Haidar ni jina la nani?"

"Si la Sayyidna Ali?"

"Na yeye alipewa na nani?"

Hakuna aliyejibu. Baba alikuwa hajainua macho kutoka kwa mtoto. "Na mama yake. Bibi Fatma binti Asad. Baba yake aliitwa Simba, na yeye akampa mwanawe jina la simba. Siku ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, Sayyidna Ali alipotoka kupambana na Marhab, shujaa wa upande wa pili, alijitambulisha hivyo: mimi ndiye ambaye mama yangu aliniita Haidara. Mbele ya majeshi mawili alimtaja mama."

Halafu akaja kwenye jina lenyewe. Hafsi kwa Kiarabu ni mtoto wa simba. Sayyidna Umar kuniya yake, yaani jina la heshima la kuitwa baba wa fulani, ilikuwa Abu Hafsi, na bintiye ni Bibi Hafsa, mke wa Mtume. Ndiye aliyewekewa zile kurasa za Kurani zilizokusanywa zama za Abubakar, baada ya baba yake kufariki. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu alizikopa kwake, akamrudishia. Na imepokewa kwamba Marwan, alipokuwa gavana wa Madina, alizitaka, Bibi Hafsa akakataa kuzitoa mpaka alipofariki.

"Akakataa," baba alirudia, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mama mkwe ndiye aliyenyoosha mikono kumpokea mtoto. Akamwinamia sikioni, akamwita Hafsa, akamwita tena.

Mambo mengine ya siku ile siyakumbuki vizuri. Pilau ililiwa, watu wakaondoka, na baba akarejea Pemba baada ya siku chache. Haidar naye alikuja kuzaliwa baadaye, akavaa ile kofia.

Baba hakujaaliwa mtoto wa kiume. Sisi sote mabinti, na katika utoto wangu nilisikia watu wakimpa pole kwa hilo mlangoni kwetu. Mume wangu anasema siku ile baba alikuwa akimliwaza mama mkwe tu, kwa hekima, na angeweza kutaja jina la mke yeyote wa Mtume. Mimi naona alilibeba jina lile kutoka mbali, na kwamba maneno yale yalikuwa yangu na dada zangu. Tumelizungumza mara nyingi. Hatujaafikiana.