Bati 104 na daftari moja: tulivyopata fedha za Mfuko wa Jimbo

Kila nikipita shuleni nikayaona yale mabati, namkumbuka kila aliyeniambia "mbaneni mbunge". Tulimbana kweli. Tulimfuata msibani, tukamfuata mkutanoni, mwisho nikamfuata mpaka Dodoma. Paa lilianza kupatikana siku tulipoacha kumfuata yeye tukafuata utaratibu, na ni mbunge huyohuyo aliyekuja kulisimamia. Nawaandikia wazazi wenzangu wenye maboma ya madarasa, kuta zisizo na paa zilizoishia kwenye lenta, maana ushauri mbaya ulitupotezea misimu minne ya mvua.

Mimi ni mkulima wa korosho mkoani Mtwara, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walijaa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Darasa la pili letu lilifika 130 na zaidi, wengine wakisomea chini ya mwembe. Mwaka 2019 mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kwamba kila kilo ya korosho inayopimwa kwenye chama cha msingi ikatwe kidogo, na kila kaya isombe mchanga na maji. Tukainua madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati yake mpaka lenta. Msimu uliofuata mavuno yakawa mabaya, hela ikakata.

Boma lisilo na paa linauma kuliko kiwanja kitupu. Mvua inalila huku unaliona. Tofali za juu zikaanza kumomonyoka, mibarika ikaota ndani ya darasa, na mbuzi wakapageuza pao. Mwaka 2021 tulipata matumaini, zilipokuja fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa kila darasa. Lakini 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Sisi hatukuwa huku wala kule.

Hapo ndipo washauri walipoanza. Mmoja akasema mbunge akija kuzika ashikwe kabla hajapanda gari. Mwingine, tena mtu mzima aliyewahi kuwa kiongozi, akatufundisha kuandika barua ya kuomba "ujenzi wa madarasa mawili, shilingi milioni 40", akisema omba kikubwa, wao watapunguza wenyewe. Hawakupunguza, hata jibu hatukupata. Mwaka 2022 mbunge alifanya mkutano wa hadhara kijijini kwetu. Nikanyoosha mkono, nikasema yote. Akajibu mbele ya watu wote kwamba ataleta bati 100. Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakatoka madarasani. Nikaenda nyumbani moyo mweupe. Siku ile alikuwa na mikutano katika vijiji vitano, na kila kijiji kilikuwa na bati zake, kisima chake, daraja lake. Kwetu hapakuwa na mtu aliyeandika lolote. Ahadi ilipanda gari pamoja naye ikaondoka.

Safari ya Dodoma ilikuwa Mei 2023, wakati wa Bunge la bajeti. Wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walinichangia nauli, laki mbili na kitu hivi, pamoja na korosho za kubangua kilo tatu za kumpelekea mheshimiwa. Nikalala Mbagala kwa binti wa dada yangu, kesho yake nikapanda basi la Dodoma. Asubuhi ya tatu nikawa getini kwa Bunge na kitambulisho changu cha taifa mkononi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, miguu imevimba kwa safari. Nilimpigia mbunge simu mara sita. Ya saba akapokea, na nitamshukuru siku zote kwamba hakuniuliza nimefuata nini. Alituma kijana wake, nikaingizwa jukwaa la wageni.

Kipindi cha maswali kilipokwisha, Spika akasoma majina ya wageni. Nikasikia jimbo letu likitajwa, nikaambiwa nisimame, na ukumbi mzima ukagonga meza. Kijijini walikuwa wanaangalia kwenye televisheni ya duka. Simu zilizopigwa siku ile sizihesabu; wote waliamini bati zimeshapatikana.

Mbunge akanichukua kwenda kunywa chai. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nimekuja kwa ajili ya zile bati 100." Akaweka kikombe chini. "Mama yangu, nitakwambia ukweli, maana umetoka mbali. Bati 100 mfukoni kwangu sina. Mshahara wangu unaishia kwenye misiba na ada za watoto wa watu. Ila upo Mfuko wa Jimbo. Nimekuja kijijini kwenu mara tatu, na hakuna hata siku moja mtu amenipa muhtasari wa kikao."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Tulimpa malalamiko, tukampa jogoo, tukampa na ngoma. Karatasi hatukumpa.

Akageuza karatasi moja aliyokuwa nayo, akanichorea. Mfuko huu uliwekwa na sheria ya mwaka 2009, na jina lake kamili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Akakipigia mstari kile kitenzi, kuchochea: moto uwe umeshawashwa na wananchi wenyewe. Fedha haziingii kwenye akaunti ya mbunge, zinakuja kupitia halmashauri. Kiasi kinategemea idadi ya watu, ukubwa wa eneo na hali ya umaskini. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, afisa mipango wa wilaya ni katibu, na ndani wamo madiwani na watendaji wa kata. Mwaka ule jimbo letu lilipata milioni 60 na ushee, kwa kata zaidi ya 20.

Hesabu ile niliipiga kwenye basi la kurudi. Ukigawa sawasawa, kata moja haipati hata milioni tatu. Na sisi tulikuwa tumeomba 40! Sishangai barua yetu haikujibiwa. Ningekuwa kwenye kamati ile, hata mimi ningeipitia juujuu nikaiweka pembeni. Yule mzee aliyetushauri tuombe kikubwa tunasalimiana vizuri, ila ushauri wake siutaki tena.

Niliporudi kijijini baadhi ya wanawake hawakunisemesha kwa wiki nzima. Walinitazamia na lori. Nikawaambia tunaanza upya, na safari hii tunaomba kile tu kilichotushinda.

Nilinunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, nikazunguka kaya kwa kaya. Jina, umechangia nini, lini, saini. Fulani tripu mbili za mchanga, fulani mifuko mitatu ya saruji, fulani siku nne za kibarua. Kazi hii ilichukua karibu mwezi. Nilidhani nimemaliza, mpaka jioni moja bibi mmoja wa kitongoji cha mwisho akaja kwangu na fimbo yake, giza linaingia. Hata kukaa hakukaa.

"Mwanangu, nasikia kuna daftari la shule."

"Ndiyo bibi, shikamoo, karibu."

"Marahaba. Mimi nimechota ndoo 40 mwaka ule wa kujenga. Mbona simo?"

Nikamwashia taa, nikamwandika mbele yake: ndoo za maji 40. Hakujua kusoma, lakini alisimama akaufuata mstari wote kwa macho mpaka nilipoinua kalamu. Akaweka dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwa nguvu hata alama ikatokea ukurasa wa pili. Ukurasa ule bado upo.

Lililobaki lilikuwa vipimo. Bila makadirio ya fundi wa serikali ombi ni maneno matupu, na mhandisi wa halmashauri ana wilaya nzima. Walisema nimwandikie barua nisubiri. Mimi nilisikia anakuja kukagua zahanati kijiji cha jirani, nikaenda na bodaboda mbili, moja yangu na moja yake. Nikamngoja chini ya mkorosho tangu saa mbili mpaka saa saba mchana. Alipotoka nikamwambia, "Mwanangu, nipe dakika kumi tu, pikipiki hii hapa, nitakurudisha kwenye gari lako." Kijana wa watu akacheka, akapanda. Akakaa saa mbili nzima. Akapima kila ukuta, akagonga lenta, akatwambia kozi mbili za juu zibomolewe zijengwe upya kabla ya kuezeka. Kisha nikampa daftari. Alilipitia akiwa amekaa juu ya kifusi, akaanza kuvigeuza vitu vyetu kuwa fedha: mchanga tripu ngapi, maji, vibarua, saruji. Boma letu likafika zaidi ya milioni 17. Hatukuwa tunajua. Miaka yote ile tulijiona ombaomba, kumbe tuna milioni 17 zimesimama.

Akatuandikia orodha: bati 104 za geji 28, kofia zake, misumari ya bati. Mbao za kenchi na ufundi tukasema ni juu yetu. Ombi likawa milioni nne na kitu.

Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha. Angalieni mahudhurio: muhtasari wetu wa kwanza ulirudishwa kwa sababu orodha ya waliohudhuria haikuambatanishwa, tukaitisha mkutano mwingine. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata vijiji vingine vilikuwa na maombi yao, na diwani moyo wake ulikuwa kwenye kivuko cha kijiji cha pili. Simlaumu, kivuko kile kilikuwa kibovu kweli. Lakini wao hawakuwa na makadirio, sisi tulikuwa nayo. Na tuliafikiana kwa kauli: mwaka ujao sisi ndio tutakaosimama kuutetea mradi wao. Tumetimiza.

Faili letu lilipotea mara moja kwenye ofisi moja, sitaitaja. Hatukugombana na mtu. Nilikuwa na nakala tatu, kila moja imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nikaweka nyingine mezani siku hiyohiyo. Usiache karatasi popote bila muhuri kwenye nakala yako, hata kama anayepokea ni shemeji yako.

Yaliyotokea kwenye kikao cha Mfuko nilisimuliwa na diwani wa kata nyingine aliyekuwamo. Anasema maombi yalikuwa mengi kuliko fedha, na wajumbe walianza kuvutana kila mtu kwao. Mbunge akainua daftari letu, akalifungua, akauliza ni kijiji gani kingine kimeleta kitu kama hiki. Halafu akasoma kwa sauti jina la yule bibi na ndoo zake 40. Nilipoelezwa nililia, na sioni aibu kusema.

Bati zilifika Februari 2024, saa tatu usiku, mvua inanyesha. Msambazaji alitaka tusaini haraka ageuze fuso kabla barabara haijaharibika. Kamati ya mapokezi ilikuwa na watu wanne. Tukasema tunahesabu. Tukahesabu kwa tochi za simu, bati moja moja, tukimulika na maandishi ya geji. Zikafika 98. Tukarudia, 98. Dereva akasema tusaini tu, sita zitakuja. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mpole sana, akamjibu, "Kaka, zikija tutasaini." Akalala ndani ya fuso. Siku ya pili zile sita zikaletwa kwa gari dogo, ndipo tukasaini 104.

Kuezeka kulichukua siku tisa. Mbunge alikuja kwenye uzinduzi, akahutubia kidogo, akaomba kumwona bibi. Wakakaa benchi moja, akimwita mama, wakiongea mambo yao ambayo hatukuyasikia.

Darasa la pili sasa wamegawanywa mikondo miwili na wote wako ndani. Mvua ikipiga bati mwalimu hasikiki, anaandika ubaoni wanakopi mpaka ipite. Dari bado, na sakafu ya ofisi ya walimu ni udongo. Kijiji kimeshakaa, makadirio yapo, ombi limegongwa muhuri wa kata. Nakala mbili zipo shuleni, ya tatu ninayo mimi, ndani ya lile daftari, kwenye ukurasa wenye dole gumba.