Siku Yangu Moja Katika Baraza la Mji, Kusini Pemba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikishamaliza kusali, jambo la kwanza ninalolifanya ni kufungua dirisha na kutazama kama ardhi imerowa. Mji wetu umekaa juu ya vilima. Soko liko juu, mkono wa bahari uko chini, na taka yoyote iliyolala kando ya mtaro husombwa na mvua ya usiku hadi kwenye mikoko kabla watu hawajaamka. Jumatano hiyo ardhi ilikuwa imerowa.

Mimi ni afisa mazingira wa baraza moja la mji katika Mkoa wa Kusini Pemba, mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 271,350.

Saa kumi na mbili nilikuwa sokoni. Daftari lina majina 11 ya wafagiaji, na waliofika walikuwa 8, wote wanawake, kila mmoja na fagio lake la chelewa alilolifunga mwenyewe nyumbani. Nilimwamkia yule mkubwa wao, akaitikia marahaba, kisha akaninyooshea mkono. Glavu yake ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, naye amekizungushia kipande cha kanga na kukifunga kwa uzi. Hakulalamikia glavu. Aliniuliza, "Mwanangu, za mwezi uliopita zimeshatoka?" Zilikuwa hazijatoka.

Wafagiaji hawa ni vibarua. Mshahara wangu hutokana na ruzuku ya Serikali na huingia benki kila mwezi, lakini ujira wao hutegemea mapato ya ndani ya baraza, yaani ada za soko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na maegesho. Msimu wa karafuu, majamvi yanapotandazwa kando ya barabara na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yakanukia mji mzima, fedha huzunguka, wenye maduka hulipia leseni bila kusukumwa, na vibarua hulipwa kwa wakati. Msimu ukiwa mbaya, wao ndio wa kwanza kungojeshwa. Naliona jambo hili kuwa ni kosa, na nimeliandika katika kila ripoti yangu ya robo mwaka: anayeingia kazini kabla jua halijachomoza hastahiki kuwa wa mwisho katika foleni ya malipo.

Saa mbili nilisaini mahudhurio na kujibu barua mbili. Saa tatu nikaingia kwa mhasibu.

Nilikuwa nimeomba dizeli ya safari tatu za gari la taka hadi jaani, na zilizoidhinishwa zilikuwa mbili. Mhasibu alinifungulia jalada na kunionesha kwa kidole fungu la mafuta na kiasi kilichobakia. Si mtu wa choyo, na kwa upande wake ana haki kamili, kwa kuwa fedha iliyopitishwa kwa kazi moja haiwezi kuhamishiwa nyengine mpaka Kamati ya Fedha iridhie, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakuja kuidai kila risiti. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 imeyapa mabaraza mamlaka ya kukusanya na kutumia mapato yao pamoja na wajibu wa kusafisha miji, lakini makadirio yetu huandaliwa kabla ya tarehe 1 Julai, wakati ambapo hakuna ajuaye masika yajayo yatanyesha namna gani. Safari moja ikifutwa katika karatasi, rundo moja hubaki sokoni, na mvua ndiyo itakayolichukua. Watu wakiziona chupa na nepi zimenasa katika mizizi ya mikoko huwalaumu wananchi kwa kutojali. Mimi hukumbuka hati ya mafuta.

Saa tano alinipigia simu sheha, yaani kiongozi wa Serikali katika mtaa, wa shehia moja ya pwani. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa mikoko pamoja na mafundi wawili, na mbele yao kumemwagwa kifusi cha kujengea msingi wa ghala. Hapo palikuwa na mikandaa michache na michu mingi, zote aina za mikoko. Mchu hutoa vipumulio vinavyochomoza juu ya tope mithili ya penseli zilizosimamishwa, na kupitia vipumulio hivyo ndipo mizizi yake hupata hewa. Ukivifukia, mti hufa ungali umesimama. Nilichutama nikafukua kwa mkono pembeni mwa kifusi. Vya chini vilikuwa vimeshavunjika.

Mwenye kiwanja, mzee wa makamo, alinitolea kibali cha ujenzi kutoka mfukoni, kimekunjwa vizuri ndani ya bahasha. "Mwanangu, mimi nimelipa kila nilichoambiwa, na risiti hii hapa." Alikuwa anasema kweli. Kibali kilitoka ofisini kwetu, na mahali palipotengwa kwa maoni ya afisa mazingira palikuwa patupu. Ombi lake liliingia wiki ambayo mwenzangu mmoja alikuwa amehamishiwa Unguja bila ya kuletwa wa kushika nafasi yake, nami nilikuwa shehia ya mbali na gari pekee la kitengo. Karatasi ikapita.

"Ami, kosa si lako," nilimwambia, "lakini siwezi kukuachia uendelee." Nilimwandikia zuio, nikamfahamisha kwamba chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015 shauri hili linapelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Aliipokea karatasi bila ya kunitazama. Nilirudi ofisini nimefadhaika kweli kweli, kwani mtu aliyefuata utaratibu ndiye aliyekwenda kubeba hasara ya uzembe wetu.

Saa nane, baada ya sala na sahani ya muhogo wa nazi, niliingia kwa mkurugenzi na maombi matatu: kibali chochote cha pwani kisisainiwe kabla ya mimi kufika kwenye eneo, nafasi iliyo wazi ijazwe, na yule mzee arejeshewe ada yake pamoja na gharama ya kukiondoa kifusi. La kwanza alilikubali hapo hapo na kuliandikia waraka. La pili litaandikiwa barua. La tatu linakwenda Kamati ya Fedha, na nimeomba niitwe nilieleze mwenyewe.

Saa kumi na nusu nilirudi sokoni. Gari lilikuwa limekwenda safari zake mbili, na rundo la tatu lilikuwa pale pale nilipolitarajia, ukingoni mwa mtaro: makumbi ya nazi, maganda ya ndizi na chupa. Mifuko ya plastiki ni michache, maana imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, ila chupa hazina idadi. Bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari, lilikuwa limeanza, na wingu limejikusanya upande wa kusi. Mlinzi wa soko alitoa toroli na mimi nikashika koleo, tukalihamishia rundo upande wa juu wa mtaro na kulifunika kwa turubali, na ncha zake tukazikandamiza kwa mawe. Ilituchukua hadi karibu na magharibi. Tulipokuwa tunaliweka jiwe la mwisho, matone yalikuwa yameshaanza kugonga juu ya turubali.

Usiku niliandika upya ombi la dizeli, safari tatu, na chini yake majina yote 11 na siku wanazodai.