Choo kilipojaa, tulianza kwa kuulizana kodi zetu zinaisha lini

Nyumba yetu ni zile za Kiswahili zilizojaa Dar: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo kimoja na bafu moja. Tuko Tandale, sehemu ya bondeni, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Masika yakianza, shimo la choo halijazwi na watu peke yao, maji ya ardhini nayo yanaingia.

Mwezi wa tatu hali ikawa mbaya. Unamwaga kopo la maji chooni, hayashuki, yanakutazama tu. Maji ya kuoga yakawa yanarudi bafuni yana rangi nyingine, tukaweka matofali ya kukanyaga. Kisha funza wakaanza kupanda ukutani. Mama muuza vitumbua wa chumba cha mbele anakaangia pale pale uani, na alfajiri ilibidi awafagie kwanza ndipo awashe jiko. Hilo ndilo lililonitisha. Aliyekuwa Dar Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Kinondoni, hahitaji kuelezwa ugonjwa ule unapitia wapi.

Baba mwenye nyumba haishi pale. Yuko Mbagala, kodi anapokea mpwa wake. Kila tukilalamika jibu ni moja, "nitamfikishia mzee." Siku moja mpwa akaja na mfuko wa chumvi ya mawe, akaumwaga wote shimoni, akasema tusubiri itashuka. Wengi mnaijua dawa hiyo, wengine humwaga mafuta ya taa. Lakini shimo linaloingiza maji kutoka chini utalishushaje kwa chumvi? Funza walipungua kidogo, basi.

Tukakaa kikao uani. Vijana walitaka tugome kulipa kodi. Linasikika vizuri, ila sisi tunalipa miezi sita mbele, na kila mtu aliingia kwa mwezi wake. Utagomaje kulipa ulichokwishalipa? Nikachukua daftari la mwanangu, nikaandika kila chumba na mwezi ambao kodi yake inaisha. Vyumba viwili vilikuwa vinaisha mwisho wa Aprili, kimoja Mei, vilivyobaki Agosti na kuendelea. Karatasi ile ilitufungua macho kuliko maneno yote ya kikao. Mwenye nyumba siku zote ana hela ya mtu mfukoni, na anayefika zamu ya kulipa yuko peke yake, anaogopa kuambiwa "kama hutaki, hama."

Tukakubaliana kwamba wale wawili wa Aprili wasiachwe peke yao. Hela wataitafuta kama kawaida na wataionyesha, ila barua ya kulalamikia choo tutaweka sahihi vyumba vyote sita, ili isionekane ni ugomvi wa watu wawili wasio na kodi.

Kabla ya kuandika nilimwendea msaidizi wa kisheria wa kata yetu, huduma ni bure. Alinieleza mambo mawili ambayo baadaye yalitubeba. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero. Akanionya pia: msijikatie kodi wenyewe, pateni kwanza makubaliano ya maandishi, la sivyo mtageuzwa wadaiwa.

Barua yetu haikuwa na matusi wala vitisho. Tulitaja kilichoharibika, tukaomba choo kinyonywe kwanza na shimo lijengwe mvua zikikata, tukapendekeza kodi ya vile vyumba viwili ilipie gari la kunyonya kisha ihesabiwe kuwa imelipwa. Mama wa vitumbua akalazimisha tuandike kwamba usafi wa kila siku ni juu yetu, tutagawana zamu. Nilimwona anazidisha upole, lakini sentensi ile ndiyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyoisoma kwa sauti mara mbili.

Mwenyekiti akamwita bwana afya, ambaye kumbe ni dada mdogo tu mwenye buti za mvua. Aliomba fito, akaitumbukiza shimoni, akaitoa na kupima kwa mkono: shubiri moja kutoka sakafuni. Akagonga sakafu kwa kisigino, ikalia kama ngoma. "Mtoto asiingie humu peke yake tena," akasema, akaandika notisi yake hapo hapo, ameegemea ukuta wa bafu.

Notisi ilimleta mzee mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo mmenipeleka serikalini, wanangu?"

Mama wa vitumbua ni rika lake, akamjibu yeye. "Kaka, tumekuita hukuja. Ingia mwenyewe uone."

Aliingia ameinua kanzu. Hakukaa. Alipotoka alisema hana hela, ya kodi imeshaingia kwenye ada za wajukuu, na mimi nilimwamini. Ndipo tukatoa ile karatasi ya daftari. Alipoona hatakiwi kutoa senti mfukoni siku ile, mjadala ukawa mfupi. Tuliandikiana ofisini kwa mwenyekiti: gari linalipwa na wapangaji wawili, stakabadhi zinatunzwa, kiasi hicho kinatolewa kwenye kodi yao. Mzee akaweka sahihi, muhuri ukapigwa.

Mpwa alileta wazo lake la bei rahisi, tukitapishe usiku mvua ikinyesha, yaani tukifungulie uchafu uende na maji ya mvua mferejini. Tulikataa. Mfereji ule unapita mlangoni kwa watu wa chini yetu, nao wana watoto.

Gari la kunyonya halikuweza kuingia kichochoroni, likasimama barabarani wakaunganisha mipira. Mpira ukaziba kwa matambara, pedi na chupa, mambo ambayo hatukutupiwa na mwenye nyumba. Ikabidi wamwage maji na kukoroga kwa mti mrefu, na harufu ikatembea mtaa mzima, majirani wakatutukana. Tulihakikisha kwanza kwamba mzigo unapelekwa kwenye mabwawa ya Vingunguti, ndipo tukalipa. Tripu mbili zilimeza karibu miezi minne ya kodi ya chumba kimoja.

Ujenzi ulisubiri. Fundi alisema shimo lililojaa maji halijengeki, tungoje mvua zikate. Juni akalijenga upya kwa tofali, akainua choo kwa ngazi tatu ili maji ya masika yasiingie kwa juu, akaweka bomba la hewa lenye wavu wa kuzuia inzi. Gharama hiyo mzee aliilipa kidogo kidogo, nyingine kwa kodi ya chumba cha Mei.

Agosti mpwa akaja kutangaza kodi inapanda elfu kumi kwa mwezi, maana sasa kuna choo kipya. Tulirudi kwa mwenyekiti na karatasi yetu, ikashuka hadi elfu tano. Kijana wa bodaboda alisema hawezi, akahamia Manzese. Chumba chake kilipata mtu wiki hiyo hiyo, na kabla hajashusha godoro mama wa vitumbua alishamwonyesha zamu yake ya kuosha choo.