Mwaka wa Bibi

Mwanangu kapewa kazi ya shule ya kuchora ukoo, akauliza Bibi Mkubwa alizaliwa mwaka gani. Kitambulisho kinasema 1935. Bibi mwenyewe alikuwa akikitazama anacheka: "Aliyeandika hapa alikuwa na haraka."

Baba mdogo ndiye aliyekaa naye jioni moja pale Kongwa, Dodoma, kumtafutia mwaka. Hakumuuliza alizaliwa lini. Mzee ukimuuliza mwaka atakupa wa kwenye kadi, au wowote ule ili umwache apumzike. Unamuuliza alikuwa akifanya nini jambo fulani lilipotokea, kisha unahesabu kurudi nyuma.

Akaanza na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Bibi akanyoosha mikono yote miwili: trekta moja huku, jingine kule, mnyororo mzito katikati, unaburutwa na kulaza vichaka. Mibuyu ndiyo iliyogoma. Siku hiyo mmoja uligongwa, nyuki wakafumuka, dereva akaruka chini na kuliacha trekta linanguruma peke yake. Watu wakatawanyika. "Na mimi nikakimbia, mtoto mgongoni," akasema, mkono ukipapasa bega la kushoto, pale kinapokaa kifundo cha nguo ya kubebea.

Baba mdogo akasimamisha kalamu. Mtoto yupi?

Alikuwa shangazi mkubwa, kifungua mimba, hajaanza hata kutambaa. Kwa kadi ile, basi, Bibi alizaa akiwa na miaka 12. Mwenyewe alisema aliolewa msichana mkubwa, tayari analima shamba lake.

Kanisani kuna daftari la ubatizo, nalo linasaidia, ila uangalie: aliyebatizwa mchanga, tarehe yake iko karibu na ya kuzaliwa, aliyebatizwa mtu mzima kama Bibi, tarehe hiyo haikuambii kitu. Shangazi yumo, 1947. Bibi yumo, lakini kama mke wa mtu.

Kadi haikurekebishwa. Cheti cha kifo kikaifuata, na mirathi ikiwa bado mahakamani hakuna anayethubutu kugusa tarehe, maana karatasi zikipishana faili linarudishwa.

Kilichobaki ni nzige. Bibi alikumbuka kupewa debe tupu alipige ili wasitue kwenye mtama, na kwamba watoto wenzake walimcheka kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Hiyo ni miaka sita hivi. Shida ni kwamba nzige hawakuja msimu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walirudi tena na tena. Wakiwa wa 1931, Bibi ni wa 1925. Wakiwa wa 1934, ni wa 1928. Baba mdogo anashikilia 1928 kwa sababu ya shangazi mkubwa: hapo Bibi alimzaa akiwa na miaka 19 hivi, si 22. Shangazi mdogo hataki kusikia, anataka 1925, mama yake aonekane aliikaribia mia.