Mzee Ojwang, mtu wetu

Jana usiku nimekaa na simu nikiangalia Vitimbi za zamani, kile kipindi cha vichekesho cha tivi, mpaka bando ikaisha. Nikimaliza moja nafungua ingine. Sauti ya Mzee Ojwang, yule mwigizaji wake, ikiingia tu kwa sikio, mimi niko tena kwa Baba Atieno jirani yetu, watoto tumejaa sakafuni, tivi ni ile Great Wall ndogo ya blak en waiti inakula betri ya gari, na mmoja wetu yuko nje ameshika mti wa erio anauliza "imeshika?" na sisi huku ndani tunapiga kelele "rudisha kidogo! hapo hapo, usiguse tena!"

Mzee alianza enzi stesheni ya tivi ni moja tu nchi nzima, ile Sauti ya Kenya ambayo 1989 ikaitwa KBC. Vioja Mahakamani, ile ya kesi za kuchekesha, alikuwa, Vitimbi ndio usiseme, yeye na Mama Kayai, bibi yake wa kwa kipindi.

Watu husema alikuwa mzee wa kuchekesha tu. Hapana jamani, yule alikuwa fundi. Sikiliza ile lafudhi yake ya Kijaluo, shilingi inakuwa silingi, shamba inakuwa samba, na haimponyoki hata akiwa amekasirika anaongea mbio mbio, na kukasirika ndio ilikuwa kazi yake pale. Halafu Mama Kayai anamjibu neno moja, mzee ananyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndio sisi tulikuwa tunaisha kabisa.

Sasa, Baba Atieno alikuwa anaapa kwamba huyu ni mtu wa Alego, kule kwa Wajaluo wenzake, ati mpaka boma lao analijua. Kumbe jina lake ni Benson Wanjau, Mkikuyu, mzaliwa wa 1937. Siku Baba Atieno alipoambiwa alikaa kimya weee, halafu akasema "hata kama, ni wetu." Hayo maneno sijawahi yasahau, kwa sababu sisi Wakenya tunajua venye jina la ukoo linaweza kukuponza, baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona kwa macho, na huyu Mkikuyu alikuwa ameingia kwa nyumba ya Mjaluo kila wiki, miaka na miaka, akiongea kama yeye, na mwenye nyumba hakuona hata siku moja ametukanwa. Alijiona amependwa.

Kinachoniuma ni pesa. Sura inajulikana toka Mombasa hadi Busia, halafu uzeeni macho yanamsumbua na inabidi wananchi wachange ndio atibiwe. Siku hizi mchekeshaji akivuma anapata matangazo, anaitwa kuwa emsii kwa harusi, anafungua chaneli yake, na mimi nafurahi sana nikiwaona, wapate hata zaidi ya hapo. Lakini huyo soko la leo lilimkuta ameshazeeka, na rika lake lote walifanya kazi kubwa wakalipwa kidogo mno.

Alifariki Julai 2015, hospitali ya Kenyatta, homa ya mapafu. Nilimpigia Baba Atieno simu asubuhi yake nikidhani ndio mimi namletea habari, kumbe alikuwa ameshasikia kwa redio.

"Ojwang ametuacha," akaniambia. Hakusema Wanjau.