Yule mama wa kengele

Mvua ilianza saa mbili usiku, umeme ukakatika, ukarudi saa nne na nusu. Mama alikuwa bado macho na mimi usingizi ulishaniruka, basi tukaweka Parasite, ile filamu ya Kikorea. Kwangu mara ya tatu, kwake ya kwanza. Maandishi ya chini nilikuwa namsomea kwa sauti, nusu nayaruka.

Alipotokea dada wa kazi wa ile nyumba ya kitajiri, mama akajiinua kwenye kochi. "Huyu namjua! Si ndiye mama yake yule binti mwenye baa? Aliyemwacha mtoto kituo cha yatima?"

Ndiye. Ile tamthilia ya baa, When the Camellia Blooms, ilitoka 2019, mwaka uleule wa Parasite. Jina la mwigizaji mama halijui wala hana haja nalo. Vijana wazuri wa Kikorea anawachanganya wote, anasema wanafanana kama sahani za seti moja, ila mashangazi na wenye nyumba hakosei hata mmoja.

Anaitwa Lee Jung-eun, amezaliwa 1970. Alisomea maigizo Chuo Kikuu cha Hanyang, akaanza jukwaani 1991 Daehangno, mtaa wa Seoul wenye kumbi ndogo zaidi ya mia moja, nyingine chini ya ardhi, unashuka ngazi kama unakwenda stoo. (Jina lenyewe maana yake ni barabara ya chuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kilihama hapo 1975, jina likabaki, wasanii wakabaki nalo.) Huko hakuna wa kukuvuta karibu kwa kamera. Aliyekaa kiti cha nyuma lazima akusikie, na wa mbele asione kwamba unajikaza ili yule wa nyuma asikie. Kwenye Ppalae, mchezo wa nyimbo kuhusu watu wa vyumba vya kupanga, alicheza bibi mwenye nyumba wakati mwenyewe uzee ulikuwa mbali bado.

Hela hazikuwepo. Amesimulia kwamba kuna kipindi jukwaa lilimpa kama won 200,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, jamani. Ukizibadilisha leo hazifiki dola mia mbili. Akauza bidhaa supamaketi, akafundisha watu kuigiza, na vibarua hivyo aliendelea navyo mpaka akakaribia miaka arobaini.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosimulia habari zake. Wote wanaishia kwenye subira yavuta heri. Mimi najiuliza kuhusu wale waliopanda naye jukwaani miaka hiyo, wakashuka ngazi zilezile, wakauza supamaketi zilezile, na simu ya Bong Joon-ho, mwongozaji wa Parasite, haikulia. Subira walikuwa nayo. Nami nina rafiki alicheza majukwaa miaka kumi na mbili, sasa ana duka la vipodozi, na sijawahi kuona mwigizaji anayemzidi kwa kunyamaza.

Mwenyewe Lee hakusema habari ya subira. Novemba 2019, alipopewa tuzo ya filamu ya Korea, Blue Dragon, ya mwigizaji msaidizi wa kike, alisema watu wanamwambia mwanga umemfikia kwa kuchelewa, lakini yeye anaona muda huo ulihitajika mpaka apate uso huu na mwili huu. Alikuwa analia huku anasema. Nimeirudia ile video mara nyingi kuliko filamu yenyewe.

Sasa kile kipande cha kengele. Wenye nyumba wamesafiri, wafanyakazi wapya waliobaki ndani wanakunywa pombe ya watu, nje mvua. Kengele inalia. Kwenye kioo kidogo cha mlangoni anaonekana yeye, dada wa kazi aliyekwisha kufukuzwa: miwani, koti la mvua jeusi, uso una alama kama wa mtu aliyepigwa. Anatabasamu. Anaomba radhi kwa kusumbua usiku, anasema kuna kitu alikisahau chini ya jiko, na sauti yake ni laini kupita kiasi, imepangwa, ya mtu aliyefanya kazi za watu miaka mingi mpaka adabu imekuwa ngozi. Hatishi hata kidogo, na ndiyo maana nywele zinasimama.

Mama akasema, "Mfungulie, ananyeshewa."

Dakika chache baadaye yuko ghalani, amejibana kati ya ukuta na kabati, miguu haigusi sakafu, mwili umelala hewani, anasukuma. Mama akanyamaza. Akashusha khanga begani, akasema polepole, "Kumbe nisingefungua."

Januari 2020 kundi zima la waigizaji wa Parasite lilipata tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuishinda. Oscar zikafuata mwezi uliofuata, nne. Mimi lililonifurahisha zaidi ni Hommage ya 2021, hatimaye filamu nzima imewekwa mabegani mwake: mwongozaji wa makamo, filamu zake haziangaliwi, anatafuta vipande vilivyopotea vya filamu ya mwongozaji mwanamke wa miaka ya sitini. Hakuna anayesukuma kabati. Anatembea, anahema, anapanda ngazi.

Filamu ilipoisha nikamwambia mama kwamba huyuhuyu, 2017, Bong alimpa sauti ya yule nguruwe mkubwa kama kiboko kwenye Okja.

"Nguruwe?"

"Nguruwe."

"Miaka yote hiyo ya kusoma, akapewa nguruwe?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akataka kumsikia. Saa saba usiku nikaiweka, maji bado yanadondoka kwenye ndoo barazani. Mnyama akatokea mlimani, akashusha pumzi ndefu kupitia puani, na mama akanishika mkono nisiongee.