Boila iliyovuja ikiwa baridi tu

Hatimaye maungio ya boila, yaani tangi la kupashia maji, ni makavu. Niliiacha mashine ya espreso ipoe kabisa, nikafunga chujio lisilo na matundu ili shinikizo la pampu lisipate pa kutokea, nikaendesha pampu, kisha nikapitisha karatasi laini kuzunguka maungio yote, na karatasi ikatoka kavu kama ilivyoingia. Kwa mtu aliyeishi na mvujo huu kwa muda mrefu, karatasi hiyo ni furaha kubwa.

Boila yenyewe ni ya alumini, ina vipande viwili vinavyobanwa kwa bolti nne za chuma, na katikati yake kuna oringi, pete ya mpira ya kuziba mvujo, iliyokaa kwenye mfereji. Tabia ya mvujo ndiyo iliyonisumbua: maji yalichuruzika boila ikiwa baridi, yakapungua ilipoanza kupata moto, na yakakoma kabisa ilipofikia joto la kutengenezea kahawa. Mvujo wa boila ya moto humfanya mtu ashuku mvuke, lakini huu ulitokea wakati ambapo hapakuwa na mvuke wowote ndani. Zaidi ya hayo, tone lililobaki kwenye metali lilikauka mara tu joto lilipopanda, likaacha mstari mwembamba mweupe wa chokaa. Mstari huo ulianzia kwenye maungio na kushuka, bila alama yoyote juu yake, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nipeli za juu, yaani viungio vya mabomba, hazihusiki.

Kukaza bolti hakukubadilisha chochote, na sasa ninaamini kwamba hakungeweza kubadilisha. Vipande viwili vya metali vikishagusana, nguvu yote ya ziada huishia kwenye bolti na kwenye nyuzi za matundu ya skrubu katika alumini, ambazo ni laini na huharibika upesi. Oringi haiongezewi mbano hata kidogo, kwa sababu mbano wake unaamuliwa na kina cha mfereji. Ndiyo maana niliacha spana na kuchukua venia, kifaa cha kupimia unene na kina. Mfereji una kina cha milimita 2.1. Oringi ya kipimo hiki huanza na unene wa milimita 2.62, yaani hubanwa kwa takriban asilimia 20, kiasi kinachofaa kwa maungio yasiyosogea. Oringi niliyoitoa ilikuwa na unene ule ule wa milimita 2.1, imekuwa bapa pande zote mbili na ngumu kiasi kwamba ukucha haukuacha alama. Ilikuwa imechukua umbo la mfereji na kusahau umbo lake la asili. Ilijaza nafasi bila kusukuma upande wowote.

Hapo tabia ya baridi na moto ikaeleweka. Mpira hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya alumini, na alumini nayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti. Boila inapopata moto, oringi hunenepa ndani ya mfereji wake, na kingo za alumini hutanuka kuliko bolti zinazozishika, hivyo maungio hujikaza yenyewe. Boila inapopoa, yote mawili hurudi nyuma kwa pamoja. Tofauti ni ya sehemu za mia za milimita tu, lakini oringi isiyo na mnyumbuko haiwezi kufuata hata hatua ndogo kiasi hicho, na pampu inayosukuma maji kwa zaidi ya bar 9 haihitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Ugumu uliofuata ulikuwa wa kujua ninanunua mpira gani. Oringi za nitraili na za EPDM, aina mbili za mpira wa viwandani, huuzwa zote zikiwa nyeusi, kwa vipimo vile vile, na macho hayawezi kuzitofautisha. Nitraili ni nzuri kwa mafuta, lakini themostati ya mvuke, yaani kidhibiti joto cha kutengenezea mvuke, huruhusu boila kupita nyuzi joto 140, na katika joto hilo nitraili hukauka na kuwa ngumu. Silikoni hustahimili joto kavu vizuri sana ila hudhoofishwa na mvuke wa shinikizo. Viton, aina nyingine ya mpira ambayo wengi huipendekeza kwa sababu ya bei yake kubwa, ina aina za kawaida zisizopatana na maji ya moto. EPDM yenye ugumu wa 70 katika kipimo cha Shore A ndiyo ninayoitetea bila kusita, kwa sharti kwamba isiguswe na grisi ya petroli, inayoivimbisha. Ipakwe ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Udhaifu huo wa EPDM ndio ulionipa kipimo cha uhakika: nililoweka oringi moja ya akiba kutoka kila pakiti katika mafuta ya injini usiku kucha, na iliyovimba ndiyo niliyoifunga dada yake kwenye boila. Ninawahimiza wote wanaonunua oringi zisizo na maandishi wafanye hivi kabla ya kukaza bolti hata moja.

Kuhusu nyuso za maungio, nilitandika msasa namba 400 juu ya kioo kinene na kusugua kwa mzunguko mwepesi hadi mng'ao ukawa sawa kila mahali. Chokaa ndani ya mfereji niliilainisha kwa asidi ya sitriki hafifu, kwa muda mfupi, kwani alumini haipendi asidi, kisha nikaikwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi ndani ya mfereji wa oringi ni kosa nisiloweza kulivumilia: mkwaruzo mmoja unaovuka mfereji ni njia mpya ya maji.

Nilikuwa nimepanga kubadilisha pia oringi ya vali ya mvuke wakati boila iko mezani. Hata hivyo, nilipokuwa ninafuatilia joto ambalo mvujo ulikoma, nilifunga kihisi cha joto ubavuni mwa boila, na nilichokiona kimenishughulisha tangu hapo. Mvujo ulikoma karibu na nyuzi 60, hilo nililitarajia. Lakini baadaye themostati ya kahawa iliacha joto lipande na kushuka kwa zaidi ya nyuzi 10 kati ya kuzima na kuwaka. Sasa meza imejaa nyaya, na kidhibiti cha kielektroniki kitakachochukua nafasi ya themostati hiyo kinasubiri tundu la skrubu lenye nyuzi zinazolingana na kihisi. Themostati ya usalama itabaki mahali pake, na vali ya mvuke itasubiri zamu yake.